Msindikizaji Asiyeona

Hadiya alikuwa amefikisha miaka ishirini na tisa bila kulala nje ya nyumba hata mara moja, na kazi yake ilikuwa kubuni namna ya kuwasaidia watu walale porini. Jambo hilo lilimchekesha sana mama yake, Mwanaheri. Majirani wakimuuliza binti yake anafanya kazi gani, alijibu kwamba anawapeleka watu msituni kwa simu, na yeye mwenyewe hupanda juu ya kiti akiona panya.

Kampuni ilikuwa ndogo, chumba kimoja kikubwa juu ya duka la vitambaa pale Nyamagana, chenye madirisha yanayotazama mapaa ya mabati na kipande cha ziwa nyuma yake. Mwanzilishi wake, Yunus, alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa mjini, mwepesi wa maneno na mwepesi wa kuamua. Aliona wageni wakipita Mwanza na mabegi yao makubwa mgongoni kwenda kutembea porini siku mbili tatu, wakibeba hema na chakula chao, akajiuliza kwa nini watu wa hapa, waliozaliwa katikati ya mawe na maji, hawajaribu. Akagundua hawajui waanzie wapi. Ndipo wakatengeneza programu ya simu, na ndani ya programu wakaanza kujenga kitu kipya: akili mnemba itakayompangia safari mtu ambaye hajawahi kutembea porini. Unaiambia wewe ni nani, una afya gani, unaogopa nini, una siku ngapi. Yenyewe inakupangia njia, mzigo, maji na mahali pa kulala. Hadiya ndiye aliyeipa jina. Aliiita Msindikizaji.

Chenge, mtaalamu wa mitambo yao, alikuwa amemlisha Msindikizaji huyo ramani, vipimo vya vilima, mvua za miaka mingi na simulizi za watu waliotembea. Siku ya kwanza alipoweza kujibu kwa Kiswahili, Hadiya alimwandikia kwamba yeye ni mwanamke anayeogopa nyoka, goti lake la kushoto linauma, na anataka kufika mahali asikie ndege tu. Jibu likaja kabla hajashusha mikono. Msindikizaji alikuwa amefupisha njia kwa ajili ya goti, amekwepa mteremko wenye changarawe, amechagua uwanja mtupu wa kulala ili aone kinachotambaa, na mwisho akauliza kama angependa ndege wa majini au wa msituni, kwa sababu hawaimbi wakati mmoja. Hadiya alisisimka mwili. Alinyanyuka akaenda dirishani akasimama pale kwa muda, kama mtu aliyeitwa jina lake na asiyemwona aliyemwita.

Lakini baada ya mshangao huo alianza kuona tatizo. Walialika watu ofisini kujaribu, watu wa kila aina ambao hawajawahi kupanga safari kama hiyo, na wote walifanya kitu kimoja: waliamini kila neno. Kijana mmoja, Abubakary, aliuliza maji atayapata wapi siku ya pili. Msindikizaji akamtajia kijito. Kijana akaitikia kwa kichwa, akaendelea na maswali mengine. Chenge alipofuatilia, alikuta kijito kile kimetoka kwenye ramani ya zamani, na hakuna aliyesema amekiona miaka ya karibuni. Kitu anachokijua na kitu anachokikisia, Msindikizaji alivisema kwa sauti ileile.

Hadiya alikaa na jambo hilo kwa majuma. Mwishowe akabuni Msindikizaji wa namna nyingine, anayeanza kwa kusema lipi analijua na lipi halijui. Mtu akishafika porini, Msindikizaji huyu hatoi ushauri kabla hajamuuliza anachokiona. Yunus hakumpenda. Alisema ni msindikizaji mwenye wasiwasi, na watu hawapakui programu ili waongezewe wasiwasi.

"Mtu anayeanza anaogopa tayari," alimwambia Hadiya mbele ya wote. "Ukimuuliza maswali unamzidishia hofu. Mpe jibu, atulie."

"Na akitulia mahali pasipo pa kutulia?"

Yunus hakuwa mtu wa kununa. Alipendekeza waende porini na Wasindikizaji wote wawili. Simu yake ingekuwa na Msindikizaji wa majibu, na simu ya mtu mwingine, mgeni kabisa, ingekuwa na yule wa maswali. Hadiya angekuwepo kuangalia. Wakachagua kisiwa cha Nabweko, kisiwa cha msitu na mawe kisicho na kijiji wala mtandao. Huko Msindikizaji angefanya kazi na kile tu kilichomo ndani ya simu, bila kuona hali ya hewa wala kuuliza popote.

Mgeni kabisa waliyempata alikuwa Teodora, mwanamke wa miaka hamsini na minane, mrefu, mwenye miwani ya kusomea aliyoining'iniza shingoni kwa uzi. Watu walimwita Mama Queen kwa jina la binti yake. Maisha yake yote ya kazi alikuwa ameuza tiketi za meli bandarini. Aliwauzia watu safari za Bukoba na Ukerewe na visiwa ambavyo hakuvijua, wakapanda, meli ikapiga honi, naye akafunga dirisha akarudi nyumbani Igoma. Sasa alikuwa amestaafu, na alisoma tangazo lao kwenye simu ya Queen. Hadiya alipomwamkia shikamoo na kumuuliza kwa nini anataka kwenda, alisema anataka kujua wale watu walikuwa wanaondoka kwenda kutazama nini.

Waliondoka Kirumba asubuhi kwa boti ya injini. Kwenye gati la kusini la Nabweko walipokelewa na askari wa misitu, Machibya, ambaye kwa taratibu za hifadhi alipaswa kuwa nao mpaka mwisho. Alikuwa kijana mpole mwenye bunduki, aliyehamishiwa kisiwani miezi michache tu iliyopita kutoka Shinyanga. Mifugo aliijua, sheria alizijua. Ziwa bado alilitazama kwa mashaka, na aliwaambia wazi kwamba njia ya kaskazini hata yeye hajaimaliza.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kuzoea mzigo. Msitu ulianza hatua chache tu kutoka majini. Mikuyu ilikuwa minene, mizizi yake imetandaa juu ya mawe kama mikono iliyoshika meza, na chini yake hewa ilikuwa ya ubaridi na harufu ya majani yaliyolowa. Mama Queen alitembea polepole na kwa mpangilio, akisimama kila Msindikizaji wake alipomuuliza kitu, na Msindikizaji wake aliuliza sana. Udongo ni mkavu au unanata? Mnasikia maji? Njia ina nyayo za watu au za wanyama? Mama Queen alikuwa ameketi nyuma ya dirisha la tiketi miaka mingi akiulizwa maswali, na aliamini swali likiulizwa linastahili jibu. Aliinama, akagusa, akanusa, akaweka miwani machoni, akaandika. Yunus alitangulia, simu yake ikimpa njia nzima bila kumsumbua, na kila mara alilazimika kuwasubiri.

Walipopiga hema jioni kwenye uwanja wa majani mafupi, Hadiya aligundua kwamba mama huyu, ambaye asubuhi alikuwa hatofautishi kelele moja na nyingine, sasa alijua ndege yupi anaita kutoka majini na yupi kutoka juu ya miti. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa ameulizwa tu.

Siku ya pili njia ilipanda mgongo wa kisiwa, ikatoka msituni na kuingia kwenye mawe, yale mawe ya Mwanza ya kijivu yaliyobebana, mengine makubwa kuliko nyumba. Pimbi walikimbia wakajificha nyufani. Mbele yao kulikuwa na mwamba mkubwa kuliko yote, na simu ya Yunus ilimwambia apande juu yake, kwa kuwa kutoka pale angeona ziwa pande zote na ni mahali pazuri pa mapumziko ya mchana. Jua lilikuwa linawaka. Yunus akaanza kupanda.

Msindikizaji wa Mama Queen akauliza swali. "Kabla hamjapanda, simameni. Tazama ziwa upande ambao upepo unatoka. Unaona nini?"

Mama Queen alikaa juu ya jiwe, akavua miwani, akatazama kwa utulivu. Kisha akaandika, akisoma kwa sauti alichokiandika kama alivyozoea. Aliona wingu jeusi lililokaa chini, tumbo lake limenyooka kama meza. Maji chini yake yalikuwa yamegeuka rangi ya majani. Ndege weupe walikuwa wanarudi nchi kavu, wote pamoja. Upepo ulikuwa unampiga usoni, na sasa umekatika.

"Msipande," Msindikizaji akajibu. "Hali hiyo inaweza kuleta radi, na kileleni ndipo pabaya. Shukeni upande wa mashariki, mkae mbali na miti iliyosimama peke yake."

Hadiya alimwita Yunus. Yunus alijibu kutoka juu kwamba jua linawaka na wingu liko mbali. Alikuwa na sababu, maana lilionekana mbali kweli. Hadiya alipanda mpaka alipokuwa, akashika kamba ya begi lake.

"Shuka, Yunus. Leo sikuambii kama mfanyakazi wako."

Alishuka akinung'unika. Wakateremka upande wa mashariki, Machibya mbele, mpaka wakafika mahali miti inapoachana na ufukwe unaonekana. Machibya akainua mkono. Chini yao, mchangani, viboko walikuwa wamelala, migongo yao inang'aa kama mawe yaliyopakwa mafuta, na mmoja alikuwa na mtoto. Mama wa yule mtoto alikuwa ameshainua kichwa.

Mama Queen alimwandikia Msindikizaji walichokiona. Hadiya alisoma jibu juu ya bega lake, na hakulisahau tena: "Hilo sikulijua. Rudini nyuma taratibu, msikimbie. Mimi hapo sipaoni, ninyi mnapaona. Je, kuna mahali chini ya kilele na juu ya viboko, ambapo mawe yamewazunguka?"

Wakapatafuta. Machibya ndiye aliyepaona, bonde dogo kati ya mawe matano au sita yaliyolala kama ng'ombe, wazi upande wa ziwa. Wakaingia, wakaweka mabegi chini na kukaa juu yake. Jua lilizimika. Ngurumo ya kwanza ilipita chini sana, wakaisikia vifuani kabla ya masikioni.

Ndipo walipoona kidole. Kilitoka kwenye tumbo la wingu, chembamba, kikining'inia na kupinda kama kamba inayoshushwa kisimani. Chini yake, juu ya maji, palitokea duara jeupe linalofukuta. Kidole kikarefuka, duara likainuka, vikakutana. Wingu na ziwa vikawa vimefungwa kwa nguzo ya maji inayozunguka. Nguzo ya pili ikashuka kando yake, kisha ya tatu. Zilisimama mbele yao zote tatu, nyembamba katikati na pana juu, zikitembea juu ya ziwa bila haraka, na mwanga wa jua uliobaki nyuma ya mvua ukapita ndani yake zikawa kama glasi.

Yunus alikuwa ameinua simu kupiga picha, akaishusha mwenyewe. Hadiya alihisi machozi na hakujua ni ya nini, maana hofu haikuwa imemfikia bado. Alichohisi ni udogo, udogo mtamu, kama mtoto aliyeletwa sebuleni wakati watu wazima wanazungumza jambo kubwa. Machibya alikuwa amevua kofia yake.

Mama Queen peke yake ndiye aliyeendelea kuandika. Hadiya alisikia sauti yake ikisoma, tulivu, kama anamwambia mtu aliye upande wa pili wa dirisha. "Nguzo tatu za maji zimesimama kati ya wingu na ziwa. Zinazunguka. Ya kushoto imekatika katikati, inarudi juu. Ya kati inafifia. Ya kulia ni nene kuliko zote, chini yake maji yanachemka."

Jibu lilikuja fupi. "Inakuja kwenu au inapita?"

Walitazamana. Walikuwa wameitazama muda wote huo kwa macho manane na hakuna aliyejiuliza. Mama Queen akaandika kwamba hawajui, haionekani kwenda popote.

"Kaa bila kuhama. Chagua mti au jiwe lililo kati yako na nguzo. Nguzo ikihama kutoka kwenye mti huo, inapita. Ikibaki palepale na kuzidi kunenepa, inakuja."

Mbele yao kulikuwa na mti mkavu ukingoni mwa maji. Mama Queen alifumba jicho moja, akaipanga nguzo sawa na tawi la mti ule, akatulia. Wote wakafanya vile. Nguzo ilikaa kwenye tawi. Ilikaa. Tawi likawa jembamba mbele yake, kisha likawa uzi.

"Haihami," Mama Queen alisema. "Inakuja kwetu, wanangu."

Machibya aliwasukuma nyuma ya jiwe kubwa kuliko yote, wakalala kifudifudi mabegi yakiwa juu ya vichwa vyao. Mlio ulikuja kwanza, mlio wa treni ya mizigo inayoingia stesheni, ukakua mpaka ukawa ndio hewa yenyewe. Matawi yalivunjika. Masikio ya Hadiya yaliziba. Aliushika mkono wa mtu, akaja kujua baadaye ni wa Yunus, na Yunus naye alikuwa anasoma dua kwa nguvu bila kujisikia. Kisha kitu kikubwa kikaanguka ufukweni, kama mlango wa chuma uliotupwa chini, maji yakawamwagikia kwa wingi na kwa ghafla hata wakadhani ziwa limepanda mlima. Mlio ukakatika. Nguzo ilikuwa imegonga nchi kavu na kufa.

Mvua iliendelea kidogo, lakini ilikuwa mvua ya ajabu, inapiga mawe kwa sauti laini na nzito. Hadiya aliinua kichwa. Kitu kiliteleza shavuni mwake kikaanguka kiganjani. Kilikuwa dagaa, mzima, anarukaruka, wa rangi ya fedha. Mwingine alianguka juu ya begi. Wakaanguka wengi, wakatapakaa juu ya mawe ya kijivu, wakameta kila mahali macho yalipofika, na kati yao furu wadogo wa rangi ya chungwa, na majani ya ziwani, na konokono mmoja. Samaki walikuwa wanatoka mbinguni. Walianguka kwenye nyufa za pimbi, kwenye maua ya porini, kwenye kofia ya Machibya iliyokwama chali kati ya mawe.

Mama Queen alikaa, maji yakimchuruzika. Alifungua kilemba chake akakuta dagaa ndani ya mkunjo, bado anapumua. Alinyanyuka, akatembea mpaka kwenye shimo la mwamba lililojaa maji, akamwachia humo taratibu. Kisha akarudi kuchukua mwingine. Wote wanne wakawa wanafanya hivyo, watu wazima wamelowa chapachapa, wakiokota samaki wadogo kwa viganja na kuwapeleka majini, wakijua kabisa hawawezi kuwaokoa wote na hata hilo shimo litakauka. Juu yao tai furukombe walikuwa wameshaanza kuzunguka na kulia. Chini ufukweni viboko walipuliza pua mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaohakikisha wenzao wapo.

Yunus alikaa chini ghafla akaanza kucheka, cheko lisilo na dharau, mpaka akajipangusa macho. Alimwomba Mama Queen amwambie Msindikizaji. Mama Queen akatoa simu kwenye mfuko wa plastiki, akaandika kwamba nguzo imepasuka ufukweni, wote ni wazima, na samaki wanaanguka kutoka juu.

Msindikizaji alichukua muda kuliko kawaida. "Nashukuru kwamba mko wazima," aliandika. "La samaki sikulitegemea. Ni wa namna gani? Wako hai?"

Na Mama Queen, kwa kuwa swali likiulizwa linastahili jibu, alikaa juu ya jiwe akaanza kumweleza.

Kesho yake walipita juu ya ule mwamba mkubwa, kwa sababu njia ya kwenda gati la kaskazini ilipita hapo. Hadiya alitegemea kukuta alama ya radi, mti uliopasuka, kitu cha kuonyesha. Hapakuwa na kitu. Palikuwa pakavu na pasafi, na ziwa lilionekana pande zote kama ilivyoahidiwa, buluu mpaka macho yanapochoka. Yunus alizunguka pale juu.

"Ningekaa hapa nisingekufa," alisema.

"Pengine," Hadiya alijibu. Hakuwa na ushahidi wa kumshinda, na aliona hautaki tena.

Yunus alikaa juu ya mwamba. Kisha akasema kitu alichokuwa amekibeba tangu jana. Alisema alidhani maswali yangemtia mama huyu hofu. Lakini jana pale bondeni waliotetemeka ni wao watatu. Mama Queen alikuwa na kazi ya kufanya, alikuwa anatazama. Yeye Yunus alikuwa ametembea siku mbili nyuma ya simu iliyojua kila kitu, na kama angeulizwa njiani walipita miti gani, asingeweza kutaja hata mmoja.

Boti iliwafuata mchana. Machibya aliwapungia mkono kutoka kwenye gati, na kabla boti haijageuka walimwona amegeuka yeye, anatazama maji.

Ofisini mabishano yaliendelea, maana kuona nguzo ya maji si sawa na kuelewana. Chenge alitaka maswali machache, kwa ajili ya betri. Yunus alitaka yawe mafupi, Hadiya alitaka yawe ya kweli, si ya kumchangamsha mtu tu. Waliondoa mengi. Walimfundisha Msindikizaji kutofautisha sauti ya kujua na sauti ya kukisia, na lile jibu la viboko, "Hilo sikulijua", wakaliacha lilivyo, ingawa mshauri mmoja wa biashara aliwaambia hakuna mtambo wa kuuzwa unaosema hivyo. Mama Queen alikwenda tena porini mara mbili kabla kiangazi hakijaisha, mara ya pili akiwa na Queen.

Kilichomshangaza Hadiya kilikuja baada ya programu kufunguliwa kwa watu wote. Wale waliokubali majibu yao yasomwe na kampuni walianza kuyatuma, mengine yakichelewa mpaka mtu arudi kwenye mtandao, kisha yakamiminika kwa pamoja. Alitegemea kusoma "ndiyo" na "hapana" na "udongo mkavu". Alisoma hayo. Lakini alisoma pia habari za mtu wa Usagara aliyeulizwa kama mto unavukika, akaeleza jinsi maji yanavyobadili rangi mara tatu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Alisoma habari za kinyozi wa mjini aliyeulizwa upepo unatoka wapi, akajibu kwamba ilibidi afumbe macho ili ajue, na kwamba hakumbuki lini mara ya mwisho alifumba macho mchana. Walikuwa wengi, watu ambao hakuna aliyewahi kuwauliza wanaona nini. Hadiya alikaa mezani asubuhi nzima na chai yake ikapoa.

Siku moja alikuwa anafuatilia safari ya Getruda, karani wa benki, aliyekuwa anatembea peke yake mara ya kwanza kwenye vilima vya nyuma ya Bujora. Mtandao ulikuwepo, na alama yake ilionekana ikipanda polepole kwenye ramani. Msindikizaji alimuuliza kama mwamba ulio mbele una joto la kutosha kwa nyoka kuota jua. Getruda akajibu kwamba nyoka hajaona, ila kuna mjusi mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, amesimama juu ya mwamba ananyanyua kifua na kukishusha kama askari kwenye mazoezi.

Msindikizaji akauliza, "Anamtazama nani?"

Jibu halikuja. Alama ya Getruda ilisimama palepale. Muda ukapita, na Yunus, aliyekuwa amekuja kusimama nyuma ya kiti, akauliza kama mtambo umekwama.

"Hapana," Hadiya alisema, macho yake kwenye ile alama isiyosogea. "Anatazama."